Migongo Mitatu ya Pomboo na Picha ya Mwalimu Nassoro

Mmekanyaga tope lote la Wawi kuja kwangu, walimu vijana, mmekunywa kahawa yangu, mmekula haluwa yangu, kisha swali lenu la kwanza likawa hili: "Mzee Hamadi, ni kweli ulisomesha skuli moja na Mwalimu Nassoro?"

Ndiyo, ni kweli. Na huo ndio msiba wangu. Mtu kafa zamani, kazikwa Kisiwa Panza, mimi ningali hai, natembea, nasikia, na bado mnaanza na yeye. Mimi nilishika chaki kabla yake na nikaendelea kuishika baada yake. Hakuna aliyewahi kuvuka kwenda Kisiwa Panza kumuuliza Nassoro habari za Hamadi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikidhani, na hilo nitalirudia baadaye.

Mnataka kujua tulivyosomesha habari za viumbe wakati ule, miaka ya thelathini, pasipo vitabu. Kwanza shikeni hili: chaki ilowesheni. Ukichora kwa chaki kavu, mtoto wa nyuma haoni kitu. Ilowe kidogo, chora, ngoja ubao ukauke, mstari utatoka mweupe pe. Pili, karatasi msinunue. Mimi nilikuwa nakwenda Chake Chake kwa Bwana Gulamali, Mhindi mwenye duka la sukari na vitambaa, ananipa karatasi za kufungia mzigo, zile za rangi ya mchanga. Nikichoma kifuu, nikipata mkaa wake, basi nina picha. Bwana Gulamali akiniuliza, "Mwalimu, leo unachora nini?" Namwambia kasa. Anacheka, anasema kasa wangu anafanana na mkewe, lakini karatasi ananipa.

Somo la viumbe lilikuwa langu. Lishikeni hilo pia. Nilipewa na Mwalimu Shaame, mkuu wa skuli yetu, ambaye ndiye aliyenisomesha mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo. Pamoja na somo alinipa kanuni, naye aliipata kwa wazee wake: mwenye masikio huzaa, asiye masikio hutaga. Watoto waliiimba. Mimi natamka mnyama, wao wanaitika. Mbuzi? Huzaa. Kuku? Hutaga. Mjusi? Hutaga. Popo? Hapo darasa linagawanyika, wengine wanaona mabawa wanasema hutaga, nami namtoa popo kwenye kikapu, nawaonesha masikio yake yalivyosimama. Huzaa. Darasa lote linacheka, na mtoto aliyecheka hasahau.

Basi nikawa ndiye Mwalimu wa Popo. Watu wakinisalimia njiani hivyo, nami nikipendezwa.

Kisha akaja Nassoro kutoka Unguja.

Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi sikupona. Alikuja kanzu imepigwa pasi mpaka imesimama, sauti yake ya taratibu, na maandishi yake ubaoni utadhani yamechapwa. Chini ya kwapa alikuwa na kitambaa kikubwa kilichokunjwa, kimefungwa kwa kamba mbili. Siku aliyokifungua, watoto wa darasa langu walikwenda kuchungulia dirishani kwake. Darasa langu, jamani. Nikabaki na popo wangu.

Nikaenda na mimi kuchungulia.

Kilikuwa na picha ya rangi ya wanyama watatu wa nchi za mbali, Australia na visiwa vya jirani yake. Wa kwanza ana manyoya mafupi, mkia mpana wa bapa, miguu yenye utando na mdomo wa bata. Anakaa mitoni, akizama hufumba macho, anatafuta chakula kwa mdomo tu, na dume lake lina mwiba wa sumu mguu wa nyuma. Wa pili ana miiba mwili mzima, pua fupi iliyonyooka, ulimi mrefu wa kunata, anakula chungu na mchwa. Wa tatu ni ndugu wa huyo wa pili lakini mkubwa zaidi, pua ndefu iliyopinda chini, manyoya mengi yanakaribia kuficha miiba, naye anapenda nyungunyungu. Wote watatu, anasema Nassoro, wanataga mayai, na watoto wakianguliwa wananyonya. Chuchu hawana. Maziwa yanachuruzika kwenye ngozi, watoto wanaramba. Yule wa mdomo wa bata anataga shimoni, wenye miiba wanaliweka yai kwenye mfuko wa tumboni.

Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, nyama yao halali?"

Nassoro akajibu bila kutikisika, "Siku utakayomkamata mmoja hapa Wawi, njoo tumuulize Shehe pamoja."

Walicheka mpaka mkuu akatoka ofisini. Halafu Nassoro akafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka chai hainipiti. Akaelekeza fimbo kwenye vichwa vya wale wanyama. "Mnaona masikio?" Watoto: "Hatuoni." "Basi?" Na darasa zima likaitika kwa nguvu: asiye masikio hutaga. Wimbo wangu. Kauchukua wimbo wangu, kawatilia wanyama wake ndani, na umemkaa vizuri kuliko ulivyonikaa mimi.

Kipya kinyemi kingawa kidonda. Jioni ile mke wangu Asha ananipakulia muhogo, ananiambia, "Mume wangu, ati kuna mnyama ana mdomo wa bata na ananyonyesha? Mwalimu Nassoro kasema." Hata jikoni kwangu. Nilimwambia muhogo haujaiva. Ulikuwa umeiva.

Wivu, wanangu, mimi nitausema kwa jina lake. Si kwamba niliogopa elimu mpya, wala sikumwona mtu mbaya. Nilitaka niwe yeye. Nilitaka ile sauti, ile kanzu, kile kitambaa.

Mwalimu Shaame akatuita wote wawili. Akasema somo moja haliwezi kuwa na walimu wawili, watoto watachanganyikiwa. Kila mmoja atasomesha siku yake, yeye atakaa atazame, kisha ataamua lishikwe na nani. Nassoro akasema, "Mimi niko tayari kumwachia mwenzangu, mkuu, yeye ndiye mwenyeji." Mnaona ujanja wa mtu huyo? Alisema kwa upole kabisa, mpaka mkuu akamtazama kwa mapenzi. Mimi nikasema nami niko tayari, kwa sauti iliyotoka kama ya mtu anayegombana.

Sasa nifanye nini? Kitambaa sina, Australia siijui. Nikawaza nitafute mnyama ambaye Nassoro hamjui na watoto wanadhani wanamjua. Nikamkumbuka pomboo.

Nikashuka Wambaa kwa Bi Mize binti Kombo. Huyu alikuwa mama wa makamo, muuza samaki wa kukaanga, na pomboo akinasa kwenye jarife, lile lavu kubwa la papa, yeye ndiye alikuwa akiitwa kumpasua, kwa sababu wavuvi wenyewe walikuwa wakimwonea haya. Wanasema analia kama mtu. Nikamkuta pwani anasafisha visu.

"Bi Mize, nataka kumjua pomboo."

"Pomboo gani?"

"Pomboo, basi."

Akanitazama. "Weye mwalimu au mwanafunzi? Ukija kwangu ukasema unamtaka Hamadi, nitakuuliza Hamadi gani. Wambaa tu wako sita."

Akanisomesha wiki kadhaa, na ada yangu ilikuwa kumchotea maji. Alinambia pomboo usimtazame uso, kwa sababu uso anautoa kidogo tu akivuta pumzi, ukimfuata uso utamkosa. Tazama mgongo. Wako wa migongo mitatu. Yule wa kwenye mikoko, anayeingia mpaka maji ya kiunoni kuwafukuza samaki wa mikizi, ana nundu, na pezi dogo limekaa juu ya nundu. Ni mwenye haya, wanakwenda wawili watatu, na mdomo wake ni mrefu. Wa pili ni pandikizi, pezi refu limepinda kama jembe, mdomo mfupi na mnene, huyu ndiye anayekuja hadi kwenye mashua kutazama watu, na ndiye mwizi wa samaki nyavuni. Wa tatu hutamwona pwani ila kwa bahati, kwake ni kule kwenye kina, makundi kwa makundi, mwembamba, ubavuni rangi tatu, na akiruka hajirushi tu, anazunguka hewani. Ukimwona huyo, wavuvi wanajua jodari hayuko mbali.

Kwenye paa la kibanda chake alikuwa amechomeka taya kavu za pomboo. Akanipa moja moja. Za yule mzungukaji, ukipitisha kidole unapitisha kwenye chanuo, meno mengi membamba. Za pandikizi ni meno manene, machache, yana nafasi. "Fumba macho," akaniambia, "nitajie." Nilikosea mara nyingi, naye kila nikikosea ananiongezea ndoo ya maji.

Nikarudi Wawi nikachora. Karatasi tatu za Bwana Gulamali nikazigandisha kwa uji wa unga, nikachora migongo mitatu kwa mkaa wa kifuu, mmoja juu ya mwenzake, na uso sikuchora hata mmoja. Nikawapa watoto udongo wa mfinyanzi wafinyange migongo. Kwa yule wa tatu, mzungukaji, nikaleta pia ya kuchezea, ile ya kamba, nikaizungusha mezani. Watoto wakaanza kurudi kwangu. Nilimwona Nassoro naye kasimama mlangoni, mikono nyuma, anaitazama karatasi yangu kwa muda. Akasema, "Hii umeichora wewe?" Nikasema, "Kwani nimeletewa na meli?" Akacheka, akaondoka zake. Nilifurahi siku nzima kwa neno lile.

Siku yangu ya kutazamwa sikuifanyia darasani. Nikajitapa, nikasema nitawapeleka Wambaa. Mwalimu Shaame akaja juu ya punda wake, Nassoro akatembea na sisi, kanzu yake haikushika hata tone la tope, sijui alikanyaga wapi.

Bahati ikanijia, au nilidhani ni bahati. Asubuhi ile pomboo alinasa kwenye jarife akafa, wamemvuta mchangani, na Bi Mize yuko naye na kisu. Nikawapanga watoto duara. Nikawauliza tu, huyu ni yupi? Nao kwa sauti moja: "Wa nundu. Wa mikokoni." Mmoja akaongeza, "Pezi liko juu ya nundu, mkuu." Mwalimu Shaame akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamtupia jicho Nassoro. Alikuwa anaandika kwa kidole kwenye kiganja chake, kama mtu anayejifunza. Wallahi, ile ndiyo dakika tamu kuliko zote nilizopata kwenye kazi hii, na haikudumu.

Bi Mize akampasua tumbo. Ndani mna kitoto, kimetimia, mkia umekunjwa. Na pembeni mwa tumbo la mama, kwenye mipasuko miwili midogo, alipokandamiza yakatoka maziwa mazito. Watoto wakasogea karibu kwa huruma. Kisha mtoto wa kike wa Bi Mize mwenyewe, ambaye hata skuli hasomi, amekuja kumsaidia mama yake kubeba beseni, akaimba wimbo wetu aliousikia kwa wenziwe, halafu akasita katikati.

"Mwalimu," akasema, "huyu masikio hana. Mbona kazaa?"

Watoto wote wakanigeukia. Mwalimu Shaame akanigeukia, na kanuni ile alinipa yeye, kwa mkono wake. Nikakitazama kichwa cha pomboo. Laini, kama yai. Nilikuwa nimefundishwa mgongo, nimefundishwa meno, nimesomesha kanuni ile miaka yote, na siku hata moja sikuwahi kuviweka pamoja vitu viwili hivyo.

Mnajua nilichongoja? Nilingoja Nassoro acheke. Angecheka kidogo tu, hata kwa pua, somo lingekuwa lake na mimi ningerudi kusomesha hesabu hadi kufa kwangu.

Akachutama. Akaokota njiti ya ukuti, akaipeleka nyuma ya jicho la pomboo, akatafuta taratibu, akasimamisha ncha kwenye kitundu ambacho mtu angedhani ni alama ya sindano. "Njooni mtazame," akawaambia watoto. "Sikio hili hapa. Bahari imelifuta nje ili aogelee vizuri, imeacha mlango. Mwalimu wenu alikuwa anangoja muulize. Nyinyi mmechelewa, kauliza huyu binti."

Mwalimu Shaame akacheka mpaka akashika kiuno. "Hamadi," akasema, "hapo umenichezea hata mimi." Na palepale, mbele ya watu, bila hata kungoja siku ya Nassoro, akasema somo la viumbe linabaki kwa mwenyewe.

Nilipaswa kushukuru, sivyo? Asha aliniambia nikashukuru. Bi Mize aliniambia, "Yakhe, yule mtu kakusitiri." Najua alinisitiri. Hilo ndilo lililoniuma.

Na kuna zaidi, ambalo watoto hawakulijua. Mimi nilikuwa nimeichungulia ile picha yake kwa karibu, siku ambayo hayupo. Wale wawili wa miiba nao wana tundu la sikio, limechorwa, chini ya miiba. Kama kitundu kinahesabiwa sikio, basi wale nao wana masikio, na mbona wanataga? Kwa kuniokoa mimi, Nassoro aliuharibu wimbo kwenye darasa lake mwenyewe. Alijua. Mtu aliyekikunjua na kukikunja kitambaa kile kila wiki hawezi kuwa hakujua. Alilitupa somo lake pwani Wambaa kama mtu anayetupa ganda, kisha akatembea kurudi Wawi akizungumza habari za mvua.

Baadaye akapelekwa kusomesha Kisiwa Panza. Siku ya kuondoka akanijia na kile kitambaa, kimefungwa kamba zake mbili. "Kaa nacho," akasema. "Kule mimi nina bahari." Akaniuliza kama anaweza kuchukua karatasi yangu ya mkaa. Ilikuwa imeanza kuchanika, nikamwambia achukue tu, ni takataka. Nikaona anaikunja kwa uangalifu, nikadhani ananidhihaki.

Basi nikasomesha. Wimbo wa masikio niliuacha, na nawashauri muuache. Nikaweka kitambaa cha Nassoro upande mmoja, migongo mipya niliyochora upande wa pili, nikawaambia watoto: huyu ana mdomo wa bata, huyu ana miiba, huyu hana hata unywele na mnamwita samaki. Wa huku wanataga, wa huku wanazaa. Mmoja yuko mtoni, mmoja anachimba, mmoja haujui udongo. Msitafute masikio. Tafuteni maziwa. Mwenye kunyonyesha ni jamaa mmoja na mwenzake, hata kama mmoja ametaga. Lilikuwa somo zuri sana, nasema mwenyewe kwa kuwa nyinyi hamkuniuliza. Na kila mwaka, nikishamaliza, mtoto mmoja lazima atauliza, "Mwalimu, tuoneshe tena picha ya Mwalimu Nassoro." Watoto ambao hawakuwahi kumwona. Jina limeshikana na kitambaa.

Tulikuwa tukikutana sikukuu hadi sikukuu. Ananishika mkono kwa mikono miwili. Mimi nampa mmoja.

Alipofariki nikavuka kwenda Kisiwa Panza kuhudhuria hitima, kwa sababu watu wangesema nisipokwenda. Tumekaa, tumesoma, ubwabwa umeletwa. Mjane wake, Bi Rukia, akatuma niitwe. Akanisimamisha mlangoni mwa chumba ambacho marehemu alikuwa akisomeshea watoto wa jirani jioni. Ukutani ilikuwepo karatasi ya rangi ya mchanga, imebandikwa juu ya kitambaa cha shuka isichanike, na mkaa wake umepakwa kitu usifutike. Migongo mitatu. Ya kwangu.

"Weye ndiye Hamadi wa mapomboo?" akaniuliza.

Nikasema ndiye.

"Marehemu alikuwa akikuonea wivu sana," akasema, na uso wake una tabasamu ndani ya machozi. "Wala hakuficha. Kila mwaka akianza somo hili anawaambia watoto: tazameni, mimi wanyama wangu nilipewa kwenye kitambaa, sijamgusa hata mmoja. Mwenzangu wa Wawi wa kwake kawatoa majini kwa macho yake. Namwonea wivu, na nyinyi muoneeni, mpate kwenda kutazama wenyewe. Basi watoto wanakimbilia pwani. Hapa hakuna mtoto asiyemjua Mwalimu Hamadi."

Nikarudi kwenye jamvi nikala ubwabwa wangu. Jirani yangu akaniuliza mbona nalia, nikamwambia pilipili.

Mimi nilimwonea wivu mtu yule kimoyomoyo, jikoni, njiani, kwenye sikukuu, na haukunizalia kitu ila vidonda vya tumbo. Yeye akautoa wa kwake mbele ya darasa, akauita kwa jina, ukawapeleka watoto pwani. Kitambaa hicho hapo nyuma yenu, kifungueni, zile kamba mbili ni zake. Mlitaka habari za Mwalimu Nassoro, na ndizo hizo. Hata kuona wivu, alijua kuliko mimi.